Kile kisanduku cha Read-only sio kinachokuzuia: namna ya kumjua anayekukatalia folda kwenye Windows

Bofya kulia kwenye folda yoyote ya Windows, chagua Properties, pale chini utakuta kisanduku kimeandikwa Read-only na ndani yake hakuna tiki, kuna kijimraba tu. Mtu akishindwa kusevu kitu kwenye hiyo folda macho yanaenda hapo moja kwa moja, na huwezi kumlaumu maana maneno yenyewe yanasema kusoma tu, basi anakitoa kijimraba, anabonyeza Apply, kompyuta inapitia mafaili moja moja mpaka inamaliza, anafunga, anafungua tena, kijimraba kimerudi palepale. Anarudia. Anaita fundi, fundi naye anarudia, mwisho inaamuliwa kwamba mashine ina vairasi na ipigwe Windows mpya. Hiyo hatua ya mwisho ndo inayoniuma na ndo imenifanya niandike, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza picha za harusi, hesabu za duka, na tasnifu ya miaka miwili, kwa ajili ya kijimraba ambacho hakikuwahi kumzuia mtu yeyote.

Jaribu sasa hivi kama unabisha. Tengeneza folda mpya kabisa hapo desktop, usiiguse chochote, angalia Properties zake. Kijimraba kipo. Sasa ingiza faili humo ndani, libadilishe jina, lifute, yote yanakubali. Kile kisanduku kwenye folda hakielezi hali ya folda, kimewekwa pale kama kitufe cha kubadilisha mafaili yaliyo ndani yake, na kwa kuwa Windows haijapita kuangalia faili moja moja inakuonesha kijimraba kwa maana ya "sijui, inaweza kuwa haya au yale". Ukikitoa, mafaili ya ndani yanavuliwa alama kweli kama yalikuwa nayo, halafu ukifungua tena Windows inarudi kwenye sijui yake.

Asili ya hii alama ni enzi za DOS huko miaka ya 1980. Mfumo wa diski wa wakati ule ulikuwa hauna habari na watumiaji, kompyuta ilikuwa ya mtu mmoja, kwahiyo kila faili lilibeba alama chache tu: kusoma tu, kufichwa, ya mfumo, na ile ya kuonesha faili limebadilika tangu bakapu ya mwisho. Hazina mwenyewe, hazina jina la mtu, yeyote anaweza kuziweka na kuzitoa. Windows ikaendelea kuzibeba, na kwa upande wa folda ikaipa ile ya kusoma tu kazi nyingine kabisa: folda ikiwa na alama hiyo, programu ya kuonesha mafaili inajua kwamba humo ndani kuna faili dogo linaitwa desktop.ini lenye maelekezo ya ikoni na jina la kuonesha. Ndo maana folda za Documents na Pictures zinakuwa nayo. Ukihangaika ukafanikiwa kuivua kwa nguvu, unachopata ni ikoni ya pekee kupotea, na kama ulikuwa unakataliwa kuandika utaendelea kukataliwa vilevile.

Kwa faili lenyewe hali ni tofauti, hapo alama inafanya kazi kweli. Word italifungua lakini haitakubali kusevu juu yake, itakwambia usevu kwa jina lingine. Mfano ambao wapiga picha wanaujua: kamera nyingi zina kitufe cha kulinda picha isifutwe kwa bahati mbaya, na kinachofanyika ndani ya kadi ni kwamba lile faili linapewa alama ya kusoma tu, ukilikopi kwenda kwenye kompyuta linaweza kwenda na alama yake, na baada ya miezi unashangaa kwanini picha kumi kati ya mia tano zinagoma kubadilishwa. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri (badala ya D:\Picha weka folda yako):

attrib -r "D:\Picha\*.*" /s

Herufi r ni alama ya kusoma tu, alama ya kutoa mbele yake inaivua, na s mwishoni inaiambia iingie kwenye folda zote za ndani. Ukiandika attrib peke yake na jina la faili bila kuvua kitu, inakuonesha alama zilizopo, na mimi naona uanze na hiyo kabla ya kingine chochote, kwa sababu ukikuta hakuna R basi upande huu umekwisha, usirudi tena kwenye kijimraba. Ila kuna mtego hapa, ukifuta faili lenye R kwa amri ya del unaambiwa Access is denied, maneno yaleyale ambayo utayaona ukikosa ruhusa ya kweli. Ujumbe mmoja, sababu mbili zisizohusiana, na ndo chanzo cha nusu ya mkanganyiko huu wote.

Tukija kwenye ruhusa za kweli. Mwaka 1993 ilitoka Windows NT 3.1 na ndani yake kulikuwa na mfumo mpya wa diski, NTFS, uliotengenezwa kwa ajili ya ofisi ambako mashine moja inatumiwa na watu wengi. Humo kila faili na kila folda ina orodha yake, na Windows inafanya kama mlinzi wa getini mwenye daftari: haangalii sura yako, anaangalia kama umeandikwa na umeandikiwa nini. Kuna aliyeandikiwa kusoma, kuna aliyeandikiwa kubadilisha, kuna aliyeandikiwa kila kitu. Ambaye hayumo kwenye daftari hapiti, hata kama hakuna mahali pameandikwa kwamba amekatazwa.

Kinachowashinda wengi ni kwamba daftari halina majina. Lina namba. Kila akaunti ikitengenezwa kwenye Windows inapewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 ikifuatiwa na tarakimu nyingi, na sehemu kubwa ya hizo tarakimu inatengenezwa upya kila Windows inapoinstoliwa. Jina lako ni la kuonesha tu. Kwahiyo laptopu ya zamani imekufa bodi, ukatoa diski yake, ukaiweka kwenye kava la USB, ukachomeka kwenye laptopu mpya ambako umejiandikisha kwa jina lilelile na pasiwedi ileile, kwa macho yako wewe ni yuleyule, kwa Windows wewe ni mtu mgeni kabisa. Ukiingia Properties halafu tabo ya Security utakuta mstari unasomeka Account Unknown na namba ndefu mbele yake. Huyo ndo wewe wa zamani. Windows mpya haina mahali pa kuitafsiri hiyo namba iwe jina, ndo maana inasema haijulikani. Sio vairasi na diski haijaharibika. Mafaili yapo yote. Ukitaka kuiona namba yako ya sasa andika whoami /user kwenye dirisha la amri, linganisha, utaona mwenyewe zinatofautiana wapi.

Sasa habari njema, na hii mafundi wengi wanairuka. Kuna namba ambazo ni zilezile duniani kote kwenye kila Windows. Kundi la maadmini, Administrators, ni S-1-5-32-544 kwenye mashine yako na kwenye mashine ya jirani yako na kwenye ile iliyokufa. Mfumo wenyewe, SYSTEM, ni S-1-5-18. Na folda ya mtumiaji kule kwenye C:\Users kwa kawaida inakuwa na watatu kwenye daftari: mwenyewe, maadmini, na mfumo. Maana yake ni kwamba kama wewe ni admini kwenye laptopu mpya, tayari una ruhusa kwenye diski ya zamani. Ruhusa ipo tangu dakika ya kwanza ulipochomeka.

Basi kwanini unakataliwa? Kwa sababu ya badiliko lililokuja na Windows Vista mwaka 2007. Kabla ya hapo admini alikuwa admini saa zote, akibofya faili baya basi faili baya nalo lina nguvu zote. Tangu Vista, ukiingia kwenye akaunti ya admini Windows inakupa vitambulisho viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha nguvu, na shughuli zako zote za kila siku zinaenda na kile cha kawaida, ikiwa ni pamoja na lile dirisha la kuangalia mafaili. Andika whoami /groups kwenye dirisha la amri la kawaida, tafuta mstari wa Administrators, utaona pembeni imeandikwa Group used for deny only, yaani uadmini wako kwa wakati huo unahesabika tu pale unapokatazwa, hauhesabiki pale unaporuhusiwa. Fungua dirisha hilohilo kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, rudia amri, ule mstari umebadilika. Ukishaliona hili kwa macho yako hautauliza tena "mimi ni admini mbona nakataliwa".

Ndo maana pia ukijaribu kufungua folda ya zamani unaletewa kidirisha kinachosema huna ruhusa kwa sasa, bonyeza Continue upate ruhusa ya kudumu. Watu wanaogopa lile neno la kudumu. Kinachofanyika ni kwamba Windows inachukua kitambulisho chako cha nguvu mara moja, inaenda kukuandika kwa namba yako kwenye daftari la folda hiyo na la kila faili la ndani, halafu inarudi. Ikiwa folda ina mafaili laki moja itachukua muda mrefu na mstari wa kijani utatambaa, iache imalize, usichomoe diski. Kwa diski yako mwenyewe iliyotoka kwenye laptopu yako mwenyewe, Continue ndo jibu, na wengi wangeishia hapo wasingehitaji kusoma kilichobaki.

Isipofaulu, ndo tunaingia kwenye amri mbili ambazo zimezagaa sana mtandaoni, takeown na icacls, na zinanakiliwa bila maelezo mpaka watu wameharibu mashine nzima. Tuzielewe kwanza. Kila folda mbali na daftari ina mwenyewe, mmiliki, na mmiliki ana haki moja ya pekee: hata kama daftari halimtaji, anaweza kulisoma na kuliandika upya. Hawezi kufungua faili moja kwa moja kwa umiliki peke yake, anaweza kujiandikia ruhusa ya kulifungua. Kwahiyo takeown inakupa umiliki, icacls inaandika daftari, ni hatua mbili, na aliyefanya ya kwanza akaacha ya pili atakuta bado anakataliwa halafu aseme amri haifanyi kazi.

Anza kwa kusoma tu. Fungua dirisha la amri kwa uadmini, na hapa na kwenye amri zote zinazofuata weka folda yako badala ya D:\Kazi, andika

icacls "D:\Kazi"

utaletewa mistari kama BUILTIN\Administrators:(I)(OI)(CI)(F). Ile F ya mwisho ni ruhusa kamili, M ni kubadilisha na kufuta, RX ni kusoma na kuendesha, R kusoma, W kuandika. I iliyo peke yake maana yake ruhusa hiyo imerithiwa kutoka folda ya juu. OI na CI zinasema ruhusa hii ishuke kwenye mafaili na kwenye folda za ndani. Ukikuta DENY simama hapo, huenda ndo jibu lako lote.

Kuhusu hilo la kukataza, wengi wanajua kwamba kukataza kunashinda kuruhusu, na ni kweli kwa kiasi kikubwa, ila mpangilio kamili ni huu: kwanza katazo lililoandikwa hapohapo, kisha ruhusa iliyoandikwa hapohapo, kisha katazo lililorithiwa, kisha ruhusa iliyorithiwa. Kwahiyo ruhusa uliyoandikiwa moja kwa moja kwenye folda inaweza kushinda katazo lililotoka juu. Kwenye ofisi nimeona katazo linawekwa kwa kundi la Everyone ili "kuwazuia wafanyakazi", na aliyeweka anasahau kwamba everyone ni pamoja na yeye. Ushauri wangu usitumie Deny kabisa kama huna sababu nzito, kumtoa mtu kwenye orodha kunatosha kumzuia.

Kabla hujabadilisha, hifadhi daftari lilivyo:

icacls "D:\Kazi" /save "C:\Users\Public\ruhusa.txt" /t /c

(/t ni kuingia mpaka ndani, /c ni kuendelea hata ikikutana na kosa) ili ukiharibu urudishe, na kurudisha unaelekeza kwenye folda ya juu yake, sio yenyewe:

icacls D:\ /restore "C:\Users\Public\ruhusa.txt"

Kisha jaribu kujiandika bila kuchukua umiliki:

icacls "D:\Kazi" /grant "%username%":(OI)(CI)F /t /c

Hapa angalia kitu kimoja. Kama akaunti yako ni ya kawaida na ulipofungua dirisha uliweka pasiwedi ya admini mwingine, basi lile neno la username linamtaja yeye, sio wewe, utampa ruhusa mtu mwingine na wewe utaendelea kugonga mwamba. Andika whoami ujue dirisha linakuona wewe ni nani, na kama ni mwingine basi andika jina lako mwenyewe. Ikikataa kabisa kwa Access is denied, sasa ndo zamu ya umiliki:

takeown /f "D:\Kazi" /r /d y

halafu rudia ile ya grant. Herufi r inaingia mpaka ndani, na ile y inajibu ndiyo pale ambapo folda za ndani hazikuruhusu hata kuziorodhesha, maana bila hivyo itakuuliza kila moja. Na kama daftari limevurugwa na watu wengi kwa miaka, namba zisizojulikana zimejaa, njia safi kuliko kuongeza mistari juu ya mistari ni kulifuta na kurithi upya kutoka juu (/q ni isikuoneshe kila faili inalopita):

icacls "D:\Kazi" /reset /t /c /q

Wasomaji wa Congo na Burundi mnaotumia Windows ya Kifaransa, amri za namna hii zinawagomea kwa sababu ambayo maelezo ya Kiingereza hayaitaji. Kwenu kundi linaitwa Administrateurs, kwahiyo ukinakili amri yenye Administrators inasema hakuna jina la hivyo, na ile y ya takeown kwenu ni o ya oui. Badala ya jina tumia namba yenyewe na nyota mbele, *S-1-5-32-544, hiyo inaeleweka kwenye lugha yoyote.

Tena naomba sana, usiendeshe amri hizi kwenye C nzima. Usiendeshe kwenye C:\Windows, wala Program Files. Mafaili mengi ya humo mmiliki wake sio admini, ni huduma inaitwa TrustedInstaller, imewekwa makusudi ili hata programu mbaya iliyopata uadmini isiyaguse kirahisi, na ukimpa Everyone ruhusa kamili humo umefungua mashine kwa yeyote, programu zinaanza kugoma kufunguka, masasisho yanakwama, na hakuna kitufe cha kurudisha vilivyokuwa. Hapo kupiga Windows upya kunakuwa kweli ndo njia iliyobaki. Halafu kuna folda kama C:\Documents and Settings ambayo watu wanahangaika kuifungua: hiyo sio folda, ni kielekezi cha kupeleka programu za zamani kwenye C:\Users, na imewekewa katazo la kuorodhesha tangu kiwandani. Kukataliwa kwake ni kawaida, iache.

Kwa wasiopenda dirisha jeusi, kuna sehemu nzuri ambayo haitumiwi. Properties, Security, Advanced, kisha tabo ya Effective Access. Unachagua jina la mtu, unabonyeza kuangalia, inakuletea orodha ya kila tendo na alama ya kijani au nyekundu, imeshajumlisha makundi yote na makatazo yote. Katibu wa ofisi akilalamika hawezi kufuta faili, usikisie, mtafute hapo.

Ofisini pia kuna lile la kukata na kubandika. Ukikopi faili kwenda folda nyingine, nakala ni kitu kipya, inarithi daftari la inapokwenda. Ukikata na kubandika ndani ya diski hiyohiyo, faili halihami kwa kweli, kinachobadilika ni anwani tu, na linaenda na daftari lake la zamani. Bosi anatoa ripoti kwenye folda yake binafsi anaihamishia kwenye folda ya wote, wote wanaiona jina, hakuna anayeifungua isipokuwa bosi, na mtu wa kompyuta anakagua folda ya wote anakuta ruhusa ziko sawa kabisa. Ziko sawa za folda. Kagua za faili. Na ikiwa folda imeshewa kwenye netiweki kuna orodha mbili, moja ya kushea kwenye tabo ya Sharing na moja ya Security, anayekuja kwa netiweki anapimwa na zote mbili na inayobana zaidi ndo inayohesabika, kwahiyo ruhusa kamili kwenye Security haisaidii kitu kama upande wa kushea imeandikwa Read.

Kuna kukataliwa ambako hakuhusu orodha yoyote. Faili lililofunguliwa na programu nyingine haliwezi kufutwa, na anayelishika utampata kwenye Resource Monitor, programu ya Windows ya kuonesha nani anatumia nini, tabo ya CPU, ile sehemu ya kutafuta kwenye Associated Handles. Dokumenti iliyotoka kwenye imeili inafunguka Word ikiwa imefungwa kuhaririwa kwa sababu Windows imeibandika alama kwamba imetoka nje, ukiiamini unaenda Properties zake unaweka tiki Unblock. Na tangu toleo la 1709 la Windows 10, Oktoba 2017, kuna ulinzi dhidi ya vairasi wa kuteka mafaili unaoitwa Controlled folder access, ambao kwa kawaida umezimwa lakini ukiwashwa unazuia programu zisizotambulika kuandika kwenye Documents na Pictures hata kama wewe una ruhusa zote. Dalili yake ni kwamba Word inasevu vizuri ila programu yako ya hesabu haisevu kwenye folda ileile. Usiuzime, iongeze programu yako kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Flashi nazo. Nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyo na daftari la ruhusa kabisa, kwahiyo ukifungua Properties hutaiona tabo ya Security na takeown haina cha kuchukua. Flashi iliyopita kwenye mashine za stationari ikarudi na shotikati tupu na folda hazionekani, kwa kawaida folda zako zipo, vairasi imezipa alama za kufichwa na ya mfumo. Usibofye zile shotikati, maana kila ukibofya unaiendesha. Andika

attrib -h -r -s "E:\*.*" /s /d

ukiweka herufi ya flashi yako, vitu vitarudi kuonekana, vikopi, kisha safisha kwa antivairasi. Flashi inayosema imezuiwa kuandikwa ni jambo lingine tena: kama ni kadi ya kamera angalia kile kiswichi cha pembeni, kama hakuna basi fungua dirisha la amri kwa uadmini, andika diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski, kisha list disk, chagua namba ya flashi kwa kuangalia ukubwa wake kwa umakini (select disk na namba hiyo), kisha attributes disk clear readonly. Ikigoma hata baada ya hapo mara nyingi chipu yenyewe imechoka na imejifunga ili usipoteze kilichobaki. Ikifika hali hiyo kopi data zako leo, usihangaike kuifomati. Na diski ya NTFS ukiichomeka kwenye Mac itasomeka bila kuandikika, hivyo ndivyo Mac ilivyo, diski haina ubaya.

Kuna mlango mmoja ambao haufunguki kwa chochote nilichosema. Faili lenye kikufuli kidogo kwenye ikoni linaweza kuwa limesimbwa kwa EFS, ule usimbaji wa Windows wa faili moja moja, na hapo umiliki utachukua, daftari utaandika, Windows itakubali kila kitu, na faili bado halifunguki, kwa sababu maudhui yenyewe yamegeuzwa na ufunguo wake uko kwenye akaunti ya zamani. Bila cheti kilichohifadhiwa, yaani faili lenye ufunguo huo, au ile Windows ya zamani ikiwa bado inawaka, hakuna amri itakayosaidia, na anayekuambia anaweza kwa takeown usimlipe. Kama unatumia kitu hiki sasa hivi, hamisha cheti chako nje leo mashine ikiwa nzima.

Ukishamaliza kurekebisha, hakikisha kwa njia sahihi. Usijaribu kwenye lile dirisha la uadmini maana hilo linapita hata pasipopitika, lifunge kabisa, tumia dirisha la kawaida la mafaili, ingia folda ya ndani kabisa, tengeneza faili jipya, libadilishe jina, lifute. Halafu fungua faili la zamani, libadilishe kidogo, lisevu. Likikubali jipya likagoma la zamani, basi hilo la zamani lilikatiwa urithi na lina daftari lake peke yake, liendee lenyewe kwa jina na uliendeshee ile /reset.